Matundu Mawili ya Nyuma

Mtanisamehe wenzangu. Najua kurasa hizi ni za hadithi na mashairi, na mimi mwenyewe riwaya yangu ipo kwenye daftari la tatu na haijaona mwisho. Lakini leo nataka kugombana. Nagombana na wakubwa wetu wa gitaa wanaosema kwamba yale matundu mawili nyuma ya amplifaya, moja limeandikwa Send na jingine Return, ni mambo ya Wazungu wa roki, nyinyi vijana pigeni tu. Nagombana na sisi waandishi vilevile, ila huko nitafika.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Amplifaya ya gitaa ni mashine mbili ndani ya sanduku moja. Ya kwanza, priampu, inapokea sauti dhaifu ya gitaa, inaikuza, inaipa besi na ukali, na ukifungua geini sana inaikwaruza. Mkwaruzo huo ndio disto. Ya pili ni pawa, ambayo kazi yake ni kuipa nguvu sauti iliyokwisha pikwa ili isukume spika. Matundu yale ni mlango uliowekwa katikati ya mashine hizo mbili. Sauti inatokea Send, inapita kwenye pedali zako, inarudi ndani kwa Return. Ndiyo lupu hiyo. Hakuna uchawi hapo.

Sasa chukua pedali ya mwangwi, iweke mbele, kati ya gitaa na amplifaya, halafu fungua disto ya priampu. Umeiambia mashine ikwaruze noti pamoja na mwangwi wake kwa mpigo mmoja. Mwangwi uliotakiwa ufifie polepole unabebwa juu, maana disto huinua kilicho kidogo mpaka kikikaribie kikubwa. Noti mpya na noti ya zamani zinakanyagana, unapata uji. Hamishia pedali hiyohiyo kwenye lupu: noti inakwaruzwa kwanza, ndipo mwangwi unaikariri ikiwa imekamilika, na inazimika yenyewe bila fujo. Gharama yake ni waya mbili za ziada, basi.

Mshikaji wangu mmoja, mpiga solo wa bendi ya mtaani kwetu, alifukuzwa kwa sababu ya uji huo. Kiongozi wa bendi, simtaji, alimwambia mbele ya watu kwamba mkono wake mchafu. Mkono! Na pembeni alikaa mzee mwenye miaka thelathini ya gitaa, anajua kila kitu, kimya. Baadaye akatuambia huku anacheka: mimi nilijifunza kwa tabu, na yeye atajifunza kwa tabu. Jamani, huo ni ufundi au ni roho mbaya? Kijana kapoteza riziki kwa jambo la kuelezwa dakika tano, halafu tunaambiwa tuwaheshimu wazee wetu wa muziki. Nawaheshimu sana. Lakini heshima isiwe ya kunifanya nibaki bubu wakati mtu anaficha jibu mfukoni kama ufunguo wa kasha.

Najua watakavyonijibu. Watasema Jimi Hendrix alifariki mwaka 1970 na amplifaya zake za Marshall hazikuwa na lupu. Kweli. Lakini zile zilikuwa zinafunguliwa kwa nguvu mpaka pawa yenyewe inakwaruza, na mkwaruzo wa pawa unakuja baada ya mahali ambapo lupu ingekuwepo, kwa hiyo hata angekuwa nayo isingeondoa mkwaruzo ule. Watasema The Edge wa U2 amejulikana dunia nzima kwa mwangwi unaoingia mbele ya Vox AC30. Kweli tena, ila sauti yake nyingi si ya disto nzito. Watamtaja Franco, watamtaja Dokta Nico, magitaa yanayometa kama maji. Hapo nawapa haki yao yote: sauti ikiwa safi, priampu haikwaruzi, na mwangwi ukikaa mbele au nyuma tofauti inakuwa ndogo. Mpiga rumba au dansi anaweza kuzeeka bila kuyagusa matundu yale. Sawa. Ila kutokihitaji kitu na kukatazwa kukijua ni mambo mawili.

Halafu kuna la pesa. Kwenye amplifaya nyingi, tundu la Return lina kijibati ndani ambacho, ukiwa hujachomeka kitu, huiruhusu sauti ivuke yenyewe kutoka priampu kwenda pawa. Kijibati kikishika kutu au vumbi, sauti inakatika, inanong'ona, inarudi ukipiga sanduku kofi. Dawa ya kujaribia: chukua waya mfupi wa gitaa, unganisha Send na Return. Sauti ikirudi, umempata mwizi. Bendi ileile ililipa fundi shilingi 60,000 kwa ugonjwa huo, wakaambiwa transfoma imechoka. Na priampu ikifa kabisa saa mbili kabla ya dansi, ukiwa na pedali yenye priampu yake unaichomeka Return na usiku unapita. (Msifungue sanduku lenyewe, tafadhali. Amplifaya ya taa hubaki na umeme wa kuua hata ikichomolewa ukutani.)

Kuna mengine madogo: lupu nyingine hutoa sauti kubwa mno kwa pedali za volti 9, zinapasua, ndiyo maana baadhi zina swichi ya kupunguza. Nyingine huchanganya sauti kavu pembeni, hivyo pedali inabidi itoe mwangwi mtupu. Soma kile kitabu chake, usikifungie maandazi.

Sasa sisi waandishi. Hadithi ngapi mmesoma ambapo gitaa lililia kwa huzuni? Lililia vipi? Mwangwi ulikuwepo au haukuwepo, kidole kilikuwa kwenye uzi upi, amplifaya ni ya kukodi au ya bendi? Hatujui, maana aliyeandika hakwenda kuuliza, au aliuliza akakutana na mzee wa kwetu. Mkulima wetu wa hadithini analima tu, fundi wetu anatengeneza tu, mpiga gitaa wetu analiza tu. Halafu tunalalamika kwamba vijana hawasomi riwaya za Kiswahili, wakati kijana anayebeba spika kila Jumamosi akifungua kitabu chetu anatuona waongo ukurasa wa kwanza.

Lile linaloniudhi kuliko yote ni pale mwandishi anapokwama, anataka dansi livunjike ili mashujaa wake wagombane, basi anaandika: ghafla mitambo ikagoma. Nimelikuta mara tatu mwaka huu, kwenye miswada ya marafiki zangu. Mnaonipa miswada niisome, nawaomba: mitambo ikigoma, niandikieni ni tundu gani.