Kunyofoa nywele: dawa zinazotajwa sasa na unachoweza kuanza nacho leo

Je, unanyofoa nywele za kichwa, nyusi au kope mpaka panabaki upara, na kila ukijaribu kuacha unashindwa? Hilo ni tatizo la afya, linaitwa trikotilomania. Si ukaidi wala kurogwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inaliweka kundi moja na kujichuna ngozi.

Ubongoni kunatokea nini?

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Kwa miaka mingi iliangaliwa zaidi serotonini, na wagonjwa wengi wakapewa dawa za sonona. Kwa tatizo hili faida yake imekuwa ndogo. Sasa watafiti wanaangalia glutamati, kemikali inayochochea seli.

Mwaka 2009 huko Marekani, watu wazima 50 walijaribiwa dawa ya N-asetilisisteini, ambayo hospitalini huwapa waliozidisha paracetamol. Zaidi ya nusu ya walioitumia walipata nafuu. Lakini 2013 ilipojaribiwa kwa watoto, haikushinda kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2023 ikaja memantini, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer: watu wazima 6 kati ya 10 walipata nafuu kubwa ndani ya wiki 8, ila walioacha kabisa walikuwa wachache.

Kwa hiyo ufanye nini?

Usikimbilie duka la dawa. Dawa hizi aamue daktari, hasa kwa mtoto. Tiba ya kwanza bado ni mafunzo ya kubadili mazoea, yaliyoanzishwa na Azrin na Nunn mwaka 1973:

- Andika ni wakati gani mkono huenda kichwani: ukisoma, ukitazama runinga, ukiwa kitandani.
- Ukihisi hamu, kunja ngumi au shika kitu kwa dakika moja au zaidi, mpaka hamu ipungue.
- Mwombe mtu wa karibu akukumbushe kwa upole. Mzazi, kumfokea au kumwaibisha mtoto humwongezea msongo.

Wahi hospitali

Wengine humeza nywele, na nywele hazisagiki tumboni. Zikijikusanya zinaweza kuziba utumbo. Ukiona maumivu ya tumbo, kutapika au kupungua uzito, nenda hospitali na useme wazi kwamba nywele zinamezwa. Usione haya, bila kuambiwa, daktari anaweza kutafuta ugonjwa mwingine.