Pete ya fiansai: uongo unaouzwa pamoja na jiwe

Ndugu wafanyakazi, mama zetu, na ninyi vijana mnaotafuta kuoa,

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kazi ya sondaji aliingia katika biro ya sendika yetu hapa Kolwezi. Tulifikiri analeta shida ya mushahara ao ya kontra. Hapana. Alitoa mfukoni kisanduku kidogo chekundu, akakiweka juu ya meza. Ndani mulikuwa pete. Aliinunua dola 900 katika duka moja la mji, juu ya kufunga fiansai. Dola 300 zilikuwa zake. Dola 600 alikopa kwa watu wa banki lamberi, na alipashwa kurudisha 900 nyuma ya miezi miwili. Kisha kontra yake ikasimamishwa. Akarudi kwenye duka ile ile, akiomba wamununulie pete. Wakamwambia watamupa dola 120, ni kusema bei ya zahabu tu. Akauliza: «Na jiwe?» Wakajibu: «Jiwe ulisha kulivaa.»

Kijana alituangalia. «Ba papa, almasi haiko mali? Batu banasemaka almasi haishukake bei.»

Hatukumucheka, kwa sababu yale aliyosema, wengi wetu tunayaamini. Sisi wa huku tunachimba mukuba na kobalti, hatuchimbi almasi. Lakini pete zinafika kwetu, na madeni yake yanafika pia. Tena wanaochimba jiwe lile kule Kasai ni ndugu zetu, ni bakwe zetu, ni wafanyakazi sawa sisi. Kwa hiyo tumeona vema kuweka maneno haya wazi, uongo upande mmoja na ukweli upande mwingine.

«Bila almasi, ndoa haina heshima.» Uongo. Nani alitufundisha hivi? Hapa kwetu Katanga, wazee wa zamani walitoa misalaba ya mukuba katika mali ya ndoa. Leo tunatoa mbuzi, maputa, jembe, na falanga ya wazazi. Hayo njo yanafunga familia mbili. Almasi ililetwa na matangazo ya biashara. Mwaka 1938 kampuni ya De Beers, iliyokuwa inashika sehemu kubwa sana ya biashara ya almasi duniani, ilienda New York kuajiri watu wa matangazo, wa kampuni N.W. Ayer. Mwaka 1947 watu hao wakatunga neno linalosema almasi ni ya milele. Na ile hesabu ya kwamba bwana harusi atoe mushahara wa miezi miwili kwa pete? Yenyewe pia ilitoka katika matangazo ya De Beers, kule Marekani. Ni muuzaji njo alimupangia mununuzi kiasi cha kutoa. Kama tajiri wetu kwenye mugodi angetupangia namna ya kutumia mushahara wetu, tungefanya mugomo siku ile ile.

«Almasi ni akiba, utaiuza siku ya shida.» Huu njo uongo uliomwangusha kijana wetu. Zahabu inapimwa kwenye mizani, na bei yake ya siku inajulikana dunia nzima. Almasi haiko vile. Mawe mawili ya uzito moja yanaweza kuachana bei mara nyingi, kufuatana na rangi, usafi wa ndani na namna yalivyokatwa. Tena bei ya duka inabeba faida ya kila mtu aliyeshika jiwe njiani. Siku unarudi kuuza, faida zile zote hakuna anayekurudishia. Mtu akikuambia pete ya almasi ni sawa kiwanja, mwambie yeye ainunue.

«Almasi haivunjike.» Ndugu zetu wa sondaji wanajua vizuri jambo hili. Kile chuma cha duara kinachokata mwamba na kutoa karoti kina almasi kwenye meno yake. Ni kweli, hakuna jiwe lingine la asili linaloweza kuikwaruza. Lakini kuwa ngumu si kusema haivunjike. Ukiipiga nyundo upande inapopasukia, inapasuka. Na ikiingia katika moto mukali sana penye hewa, inaungua, kwa sababu ni kaboni, ndugu ya makala tunayopikia.

«Ikikata kioo, ni almasi ya kweli.» Hapana. Hata lile jiwe jeupe la kwarsi tunalokanyaga kila siku kwenye mugodi linakata kioo. Kupulizia pumzi, kutumbukiza ndani ya maji, hayo yote hayahakikishi kitu. Kuna jiwe linaitwa moisanite ambalo linadanganya hata vile vimashine vidogo vya kupima joto wanavyotumia katika maduka mengi.

«Almasi ya kiwanda ni ya bandia.» Hapa wengi wanachanganya. Moisanite na zirkoni si almasi kabisa. Lakini almasi iliyotengenezwa katika kiwanda ni almasi, kaboni ile ile, ugumu ule ule. Wamarekani wa kampuni General Electric walifaulu kuitengeneza mwaka 1954. Kwa macho hutaitofautisha na ile ya udongo. Inahitaji mashine kubwa za labo. Bei yake imeshuka sana miaka hii. Wizi unakuja pale unapouziwa ya kiwanda kwa bei ya ile iliyochimbwa.

Kuna ndugu watasema: «Sendika inasifu almasi ya kiwanda, na kreizeri wa Kasai atakula nini?» Swali hili ni la haki, na hatulikimbii. Ni kweli, bei ya viwanda ikishuka, inasukuma chini na bei ya jiwe la udongo, na wa kwanza kuumia ni yule aliye ndani ya shimo. Lakini tusijidanganye kwamba dola 900 za kijana wetu zilimulisha kreizeri. Tufuate njia ya jiwe. Kreizeri anauzia negosia. Negosia anauzia komptuari. Kutoka pale jiwe linapanda ndege kwenda Antwerpen ao Dubai. Linakatwa India, katika mji wa Surat, ambako sehemu kubwa sana ya almasi ya dunia inapita. Ndipo linaingia katika pete, na pete inarudi mpaka kwetu. Bei inapanda nyuma ya jiwe kutoka mikononi mwa aliyelichimba.

Na tujue tena kwamba sehemu kubwa ya almasi ya Kongo ni ndogo ndogo, ya kazi za viwanda, kama ile ya kukata mwamba. Kwa wingi wa karati nchi yetu iko kati ya zile za mbele duniani, lakini karati moja yetu kwa wastani haifike dola 20, wakati ile ya Botswana inapita bei hiyo sana. Si kusema hatuna mawe makubwa. Katika miaka ya 1980, karibu na mugodi wa Mbuji-Mayi, msichana mudogo aliokota jiwe la karati 890 ndani ya marundo ya mawe yaliyotupwa. Walilikata, likatoka jiwe kubwa la karati 407, wakalipa jina Incomparable. Jina la jiwe limezunguka dunia. Jina la yule mtoto, nani analitaja?

«Iko na setifika ya Kimberley, basi ni safi.» Mupango wa Kimberley ulianza mwaka 2003, juu ya kuzuia almasi ambazo waasi wanauza kwa kulipia vita. Ni jambo zuri. Lakini karatasi ile inafuata pakiti ya mawe yasiyokatwa yanapovuka mipaka. Haifuate jiwe lililo ndani ya pete yako. Tena haiseme neno juu ya mushahara, wala juu ya shimo lililoangukia watu, wala juu ya mtoto anayeosha muchanga pahali pa kuwa masomoni. Muuzaji akikutolea neno Kimberley kama baraka ya askofu, ujue anajibu swali ambalo hukuuliza.

Sasa tufanye nini? Hatukatazi mtu kununua pete. Mwanamuke kupenda kitu kizuri si zambi. Lakini kama unanunua, nunua na falanga uliyo nayo, si ya banki lamberi. Omba fakture iliyoandikwa waziwazi kama jiwe ni la udongo, la kiwanda, ao si almasi. Iandikwe uzito wa jiwe na aina ya zahabu. Usichanganye karati mbili. Karati ya jiwe ni uzito, na karati 5 zinafanya gramu 1. Karati ya zahabu ni usafi: 24 ni zahabu tupu, 18 ni sehemu 18 juu ya 24, na ndani ya pete wanapiga alama 750. Muuzaji akikataa kuandika, ondoka.

Na ninyi wazazi, mama wa bibi harusi hasa, musimuhesabie kijana wa mugodi thamani yake kwenye kidole. Mukwe wenu akianza ndoa na deni, ni binti yenu atalilipa pamoja naye, kwa unga na kwa minerval ya watoto.

Kijana wetu tulimusindikiza kwa yule mukopeshaji. Tulizungumza mpaka jioni, akakubali kulipwa dola 600 zake kidogo kidogo, bila kuongeza. Muchumba wake alikuja naye siku ile. Alikaa kimya muda murefu, kisha akasema: «Miye sikumuombaka almasi. Niliomba tupate nyumba ya kupanga.»

Biro ya sendika iko wazi kila siku nyuma ya kazi. Mbele ya kutia mukono kwenye deni la ndoa, pitieni kwanza, tukae, tuhesabu pamoja.