Herufi za Jina la Kanga

Mwanamke anunuapo doti ya kanga hutazama kwanza rangi, kisha mji na pindo, na mwisho huuliza jina lasemaje. Wala sijapata kumsikia aulizaye jina hilo limeandikwaje, ilhali maneno yaleyale, yakitiwa katika herufi zilizoharibika, hupungukiwa na heshima yake.

Ninazo mbele yangu kanga mbili, moja ya marehemu mama yangu, iliyokaa sandukuni miaka na miaka pamoja na udi, na nyingine iliyonunuliwa juzi. Katika ile ya kale jina ni maneno mawili tu, na mchoraji, alipoona nafasi imezidi, hakuzigusa herufi katika umbo lake, bali alizitenga moja moja kwa masafa yaliyo sawa machoni, A na W akazisogeza karibu kidogo ili pasionekane pengo baina yao. Katika hii mpya, aliyeitengeneza alizishika herufi kwenye kompyuta akazivuta kwa upana hata zikajaza nafasi. Na kwa kuwa kuvuta namna hiyo huzidisha unene wa mistari iliyosimama na kuiacha iliyolala vilevile, M imekuwa kama lango, na O kama yai lililolazwa ubavu.

Majina ya kanga za zamani zaidi yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa tabia yake zaruhusu kukirefusha kiungo kilicho baina ya herufi na herufi, jambo ambalo watu wa khati huliita kashida, na kwa njia hiyo mstari mfupi huweza kufika mwisho wa nafasi bila ya herufi kudhurika. Hati za Kilatini, zilizoshika mahali pake katika karne ya 20, hazina kiungo hicho. Upana wa mstari wake hutafutwa katika uwazi baina ya herufi, na kuupima uwazi huo kwa jicho ni kazi ya kufundishwa.

Kwa hiyo naziomba shule zetu za sanaa, kwa taadhima, kwamba kila mwanafunzi wa usanifu wa michoro, kabla ya kukabidhiwa kompyuta, apewe karatasi yenye urefu wa mita moja, penseli na jina la kanga, akae alichore kwa mkono. Na akimaliza itundikwe ukutani, naye arudi nyuma hatua kumi aisome, kwani jina la kanga husomwa kiunoni mwa mtu anayekwenda zake njiani.