Kipande cha Khutba Kisivishwe Joho la Ukurasa Kamili

Baadhi ya vijana wa misikiti yetu wamejifunza jambo lenye manufaa. Khutba na darsa huandikwa vipande vifupi, kila kimoja katika faili lake; kisha programu-jalizi, yaani programu ndogo iliyopachikwa katika kubwa kama Jekyll ya mwaka 2008, hukivisha kila kipande kiolezo: jina la msikiti juu, menyu ubavuni, anuani chini. Mistari mitatu iliyoandikwa baada ya Isha huwa ukurasa kamili wa tovuti kabla chai haijapoa.

Hatuipingi kazi hii, bali tunauliza: kilichokamilika ni nini? Aya ya 4 ya Suratul-Maun, ikikatwa na ya 5, huonekana kuwaapiza wanaoswali, ilhali wanaokusudiwa ni wanaoghafilika na swala zao. Kwenye karatasi iliyochanika msomaji angeshuku. Kwenye ukurasa wenye jina la msikiti, haulizi.

Dawa imo humo humo. Juu ya kila faili pana nafasi ya kichwa na tarehe. Iongezwe nafasi ya chanzo: sura na aya, au kitabu cha Hadithi na nambari yake, na programu-jalizi iamriwe kugoma nafasi hiyo ikiwa tupu. Kwa fundi ni mistari michache tu. Mzigo mzito ni wa kamati za misikiti, kwani programu huona kwamba nafasi imejazwa, haijui imejazwa nini. Basi kila kamati imteue mwanachuoni asome matini nzima kabla faili halijapokelewa, na kurasa zilizokwisha kutolewa bila chanzo ziondolewe hadi azikague.