Redio ya watu wa mugodi



Redio ni ya nani? Ya yule anayekamata mikro? Leo twende mbali kidogo, kule Bolivia, Amerika ya Kusini. Juu milimani kuna kambi ya wafanyakazi inayoitwa Siglo XX, mahali walipokuwa wakichimba kasiterite. Tangu mwisho wa miaka ya 1940, watu wa migodi ya Bolivia walijifungulia redio zao wenyewe. Kila mufanyakazi alikubali wamukate sehemu ndogo ya mshahara. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Zilikuwa redio ndogo, lakini zilisema Kispanyola na Kikechua, luga ya nyumbani. Mtoto amepotea? Watangaze. Mama ana malalamiko? Aingie, aseme.

Mwaka 1959 mapadri Waoblati nao walifungua redio yao pale Siglo XX, jina lake Pío XII. Walikuja kupigana na wakomunisti wa sendika. Kambi moja, redio mbili, maneno makali! Lakini mapadri waliishi na watu. Waliona wababa wakikohoa juu ya vumbi ya mugodi, waliona wajane. Usiku wa Mtakatifu Yohane, Juni 1967, wanajeshi waliingia kambini wakaua watu. Pole pole redio iliyokuja kufundisha ikajifunza kusikiliza, ikasimama na watu.

Ndiyo maana Januari 1975, wanajeshi walipovunja redio za kambi, hawakuacha ile ya mapadri. Wafanyakazi walifanya nini? Waliacha kazi, wakadai redio zao zirudi. Nani anagoma juu ya kitu cha mwingine?

Julai 1980 wanajeshi wakakamata utawala. Redio za mjini zikanyamazishwa. Zile ndogo za migodi zikashikana, moja ikipokea sauti ya nyingine, na habari ikaendelea kutoka kwa siku kadhaa.

Basi, ni nini iliua nyingi kati yake? Si bunduki. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka, na wafanyakazi zaidi ya 20,000 wakapoteza kazi. Mshahara ukikosekana, redio nayo inanyamaza. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa: mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 walitoka katika kazi ya shaba, wakaambiwa eti wametoka kwa kupenda.

Vijana, redio ndogo ya mtaa wenu ikiomba mafuta ya jenereta, musiseme: «Hiyo ni yao.» Mwenye franga kidogo, atoe. Mwenye neno la kweli, alipeleke. Na ninyi munaokamata mikro, mufanye kama wale mapadri: mukae na watu, musikilize kwanza, kisha museme.