Kuta zimebaki, majalada yako wapi?

Mheshimiwa,

Jina la ofisi yako siliandiki hapa. Barua zangu unazo, na unajua ni nani anayekuandikia.

Mlipohama jengo lile la kale la utawala, majalada ya masijala yaliachwa sakafuni chini ya mabati yaliyotoboka. Masika ikaja. Humo lilikuwemo jalada la shauri la mpaka wa shamba la marehemu baba, lenye mchoro na saini za wazee. Baraza la ardhi lilimtaka mama ushahidi wa maandishi, naye hakuwa nao. Shamba limekwenda.

Sisi wa Iringa hatuwezi kusema majengo haya hayatunziki. Boma letu lilijengwa na Wajerumani, Waingereza wakaendesha utawala humo. Mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa ukalikarabati, na tangu 2016 ni makumbusho. Leo mtoto wa shule anasoma habari za chifu Mkwawa ndani ya kuta za utawala uliomwinda hadi akajiua mwaka 1898. Ni kazi kubwa, naishukuru.

Jengo lenu halikupata mtetezi, wala sheria haikulisaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na Wajerumani waliuanzisha mji huu mwaka 1896. Boma lao lolote basi, likiwemo lenu, lasubiri Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Lakini majalada yalikuwa na ulinzi: Sheria Na. 3 ya 2002 ya kumbukumbu na nyaraka iliwapa ninyi wajibu wa kuyatunza. Shamba la mama limekwenda kwa kukosa turubai.

Wala kumbukumbu hazipotei kwenu tu. Kila ofisi ya umma inapohamia jengo jipya, nani huulizwa kumbukumbu zimekwenda wapi? Viti huhesabiwa. Karatasi zinazobeba haki za watu hazihesabiwi.

Mheshimiwa, peleka majalada yaliyosalia Nyaraka za Taifa, na uombe jengo litangazwe. Kwanza kabisa, mwandikie mama barua yenye muhuri, ikiri kwamba jalada lilikuwepo na limeharibikia mikononi mwenu. Anaihitaji kwa rufaa, na muda wa rufaa unakwisha.