Udereva wa Lori Katika Mteremko wa Mueda

Kijana wa Mocímboa da Praia atakaye kuwa dereva wa lori hana budi kuanza na utingo: kufunga turubai, kubadili magurudumu, kuweka gogo nyuma ya gurudumu mlimani. Usukani huja baadaye, na msimu wa mvua ndio mtihani wake.

Barabara itokayo Mueda hushuka kutoka uwanda wa juu, ikapita Diaca na Awasse hadi pwani. Dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla ya mteremko, wala si katikati yake, ili injini isaidie kulizuia lori. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, zikaacha kushika. Zikilowa maji, huzikanyaga polepole mpaka zikauke.

Mto ukifurika, husimama. Desemba 2019 daraja la mto Montepuez lilianguka, na malori yaendayo kaskazini yakakwama. Maji yafunikayo barabara huficha shimo. Kungoja siku mbili si woga.

Jamaa za dereva nao wana wajibu wao: wasimlaumu kwa kuchelewa. Shehena ikiharibika hununuliwa nyingine. Baba wa nyumba hanunuliwi.